Fahamu: Kwa nini bei za hoteli karibu na Disneyland Paris hupaa
Chumba kilekile, kitanda kilekile, lakini bei ya Jumanne ya Januari si ya Jumamosi ya Krismasi. Hoteli zinazozunguka Disneyland Paris, bustani ya burudani iliyofunguliwa Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, hupandisha bei kadiri vyumba vinavyopungua. Kinachochochea zaidi ni likizo za shule. Ufaransa imegawa shule katika kanda 3, na likizo zao za majira ya baridi na ya machipuko hupishana, hivyo msimu wa bei kali hurefuka kwa wiki kadhaa. Wageni wa hoteli za Disney zenyewe huingia bustanini mapema kuliko wengine; upendeleo huo, tusidanganyane, umo ndani ya bei. Anayebana matumizi hulala mbali kidogo, kwenye njia ya treni ya RER A, ambayo tawi lake moja huishia karibu na lango.