Faitesi, Kimeng'enya Kinachompa Kuku Fosforasi Yake

Kuku wa nyama hufikisha kilo mbili kwa wiki tano au sita tu. Nyama ikikimbia hivyo, mifupa nayo haina budi kwenda mbio, na mfupa haujengeki bila kalsiamu na fosforasi. Fosforasi ikipungua, vifaranga hulegea miguu, hushindwa kukifikia chombo cha chakula, na hasara huanzia hapo.

Ajabu ni kwamba wanachokula kimejaa fosforasi. Imo kwenye mahindi, soya, mashudu ya alizeti, na hasa pumba za mpunga. Lakini takriban theluthi mbili yake mmea umeifungia ndani ya asidi ya faiti, akiba ya kuilisha mbegu itakapoota. Molekuli moja ya asidi hiyo hubeba fosfeti sita. Kuku hana uwezo wa kutosha wa kuivunja, basi sehemu kubwa huingia mdomoni na kutoka vilevile. Tena haitoki peke yake: hung'ang'ania zinki, kalsiamu, chuma na hata protini, ikaondoka navyo hadi kwenye maranda. Mfugaji kavilipia vyote hivyo.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kuongeza fosforasi nyingine, ya unga wa mifupa au ya DCP (dikalsiamu fosfeti) inayotengenezwa kwa mawe ya kuchimba. Mifupa ilipona, ila fosforasi ya kwenye nafaka iliendelea kupotea.

Mwaka 1907 watafiti wa Japani, Umetaro Suzuki akiwamo, walieleza kimeng'enya cha pumba za mpunga kinachoivunja asidi ya faiti. Ndicho faitesi. Miongo ikapita bila kufika bandani, maana kukizalisha kwa wingi kulikuwa ghali. Kilichokisukuma mwishowe ni kinyesi. Uholanzi, nchi ndogo yenye nguruwe na kuku wengi mno, ilijaza fosfeti kwenye udongo na mifereji yake, mwani ukastawi, maji yakakosa oksijeni, na serikali ikawabana wafugaji. Mwaka 1991 faitesi ya kwanza ya biashara iliingia sokoni huko, ikizalishwa na ukungu wa Aspergillus niger uliobadilishwa vinasaba.

Kazi yake huifanya zaidi kwenye gole na tumboni, penye asidi, ikizibandua fosfeti moja baada ya nyingine. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno: kwa aina nyingi, gramu 100 au pungufu hutosha tani nzima ya chakula. Hapo ndipo wengi hukosea. Gramu hizo zichanganywe kwanza na kilo chache za pumba, kisha ndipo ziingie kwenye rundo kubwa. La sivyo kuku mmoja atapata nyingi na mwenzake asipate kabisa. Pia DCP ipunguzwe kwa kipimo cha mtaalamu, la sivyo gharama inakuwa mara mbili kwa kazi ile ile. Na chokaa isizidishwe, kwani kalsiamu nyingi hushikamana na asidi ya faiti na kukinyima kimeng'enya nafasi.

Adui wake mwingine ni joto. Viwanda vinavyokandamiza chakula kuwa punje kwa mvuke hulazimika kutumia faitesi yenye gamba la kinga, au kuzinyunyizia punje faitesi ya maji zikishapoa. Anayechanganya chakula cha unga mwenyewe, kama wafanyavyo wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, hana haja ya gharama hiyo. Faitesi ya kawaida isiyo na gamba inamtosha.