Helsinki: Lipia Sauna, Achana na Kadi

Helsinki ni mji mkuu mdogo wa nchi ghali, na udogo wake ndio nafuu ya mgeni. Ukitoka kituo kikuu cha reli, sehemu kubwa ya yale unayoonyeshwa kwenye vipeperushi vya utalii utayafikia kwa miguu ndani ya nusu saa. Kwa hiyo kabla hujanunua kadi ya watalii, basi la kuzungushwa mjini au safari ya boti, jiulize kwanza: kuna nini humu ambacho tiketi ya kawaida ya usafiri wa mji hainifikishi? Kwa maoni yangu, vichache mno. Bei nitakazotaja ni za kukadiria, maana hupanda karibu kila mwaka.

Mahesabu yanaanzia uwanja wa ndege wa Vantaa. Treni za I na P huingia mjini kwa kama nusu saa, na kwa kuwa uwanja uko kanda C ya nauli, unahitaji tiketi ya ABC, euro 4 na senti kadhaa. Teksi itakula euro 40 au zaidi. Tena tangu Julai 2018 bei za teksi Ufini zimeachiwa soko, kila kampuni inajipangia yake, na magari mawili kwenye foleni moja yanaweza kukutoza tofauti kabisa. Bei hubandikwa dirishani. Isome kabla ya kufungua mlango. Mko wanne, mna masanduku, na ni usiku wa manane? Hapo teksi si anasa. Ukiwa peke yako mchana, panda treni.

Mjini kwenyewe utatumia tiketi ya AB. Ni kama euro 3 kwa dakika 80, na ndani ya muda huo unabadilisha tramu, metro, basi na hata feri bila kuongeza kitu. Ya siku nzima ni kama euro 10, hivyo inaanza kukulipa ukifikisha safari nne. Watoto chini ya miaka 7 hawalipi, wa miaka 7 hadi 17 hulipa nusu, na mzazi anayesukuma mtoto mdogo kwenye kigari husafiri bure naye. Jambo moja la kujihadhari: dereva hauzi tiketi. Nunua kwenye simu au kwenye mashine kabla ya kupanda. Wakaguzi wapo, hawabembelezeki, na faini yao ni zaidi ya mara ishirini ya nauli uliyoikwepa.

Basi la watalii, lile la kushuka na kupanda utakapo, ni euro 30 na ushee kwa mtu mmoja. Tramu namba 2 inapita Kauppatori (soko la bandarini), Senaatintori penye kanisa kuu jeupe, kituo cha reli na mtaa wa Töölö lilipo kanisa lililochongwa ndani ya mwamba, kwa zile euro 3. Unachokosa ni maelezo ya kusikiliza masikioni. Mimi siyalipii.

Kisiwa cha Suomenlinna ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi tofauti ya bei kwa kitu kilekile. Ni ngome ya baharini iliyoanza kujengwa mwaka 1748, Ufini ilipokuwa chini ya Uswidi, kwa hofu ya Urusi. UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1991. Kampuni za boti zilizopanga vibanda sokoni Kauppatori wakati wa joto hukuuzia safari ya kwenda na kurudi kwa pesa nyingi kuliko nauli ya mji. Hatua chache kutoka hapo huegeshwa feri ya umma, inayokubali tiketi ya AB, inayochukua robo saa hivi, na inayofanya kazi mwaka mzima kwa sababu kisiwani wanaishi watu kama mia nane wenye kazi na shule za kuwahi. Bahari ni ileile. Kisiwani hakuna kiingilio: kuta, mizinga, mahandaki na fukwe ni vya kutembea bure, na unalipia tu ukiingia makumbusho. Chukua tochi ya simu kwa ajili ya mahandaki na chakula chako mwenyewe, maana mikahawa ya kule inajua kuwa huna pengine pa kwenda.

Sasa kadi ya watalii. Ya saa 24 huzidi euro 50, ikiwa na usafiri, makumbusho na ziara kadhaa ndani yake. Ili ikulipe, siku hiyohiyo inabidi uingie makumbusho makubwa mawili, kanisa la mwamba na bado uwahi boti. Kanisa hilo, Temppeliaukio, kazi ya ndugu wawili Timo na Tuomo Suomalainen iliyokamilika mwaka 1969, hutoza kama euro 8, nayo ni halali yake: dari la shaba juu ya mwamba mbichi si jambo la kuona kila siku. Lakini ukilikimbia ili kadi isiharibike, utakuwa umelipia mbio. Mwenye watoto ndiyo kabisa asiinunue bila kupiga hesabu, kwani Ateneum na Kiasma, majumba makuu ya sanaa, hayatozi walio chini ya miaka 18. Makumbusho ya mji pale Senaatintori hayamtozi mtu yeyote. Na Oodi, maktaba kuu iliyofunguliwa Desemba 2018 mkabala na Bunge, ina cherehani, mashine za kuchapa vitu, vyumba vya michezo na roshani pana, yote bila kiingilio. Siku ya mvua familia inaweza kushinda humo.

Pesa mlizookoa pelekeni sauna. Hapo uchaguzi ni wa bei na wa haya pia. Löyly, jengo la mbao ufukweni lililofunguliwa mwaka 2016, ni kama euro 25 kwa saa mbili. Wanaume na wanawake hukaa pamoja wakiwa na nguo za kuogelea, kisha wanajitosa baharini. Kotiharju, katika mtaa wa Kallio, ipo tangu mwaka 1928, inawashwa kwa kuni, na ni nafuu zaidi. Wanaume kwao, wanawake kwao, na ndani watu huwa uchi. Msafiri mwenye kuona haya mbele ya jinsia nyingine atastarehe Kotiharju. Asiyetaka kuvua nguo ya mwisho mbele ya yeyote aende Löyly. Sompasauna, inayoendeshwa na watu wa kujitolea, haina malipo wala mhudumu: unapasua kuni mwenyewe, unachanganyika na watu wote, wengi wao bila nguo. Bure yake ina masharti.

Chakula ndicho kinachomaliza mifuko, na saa ya kula hubadilisha bei kuliko jina la mgahawa. Siku za kazi, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, migahawa huweka mlo wa mchana uitwao lounas, euro 12 hadi 15, mara nyingi pamoja na saladi, mkate, na kahawa. Jioni, mezani palepale, sahani moja inaweza kupita euro 25. Kuleni sana mchana. Atakayetamani wali na nyama ya halali apande metro hadi Itäkeskus, atembee kidogo hadi Puhos, penye maduka na migahawa ya Wasomali na wahamiaji wengine. Ni ndani ya kanda B. Maji ya bomba ni mazuri. Ukinunua ya chupa, senti 20 au 40 za juu ni amana, utarudishiwa na mashine ya dukani ukipeleka chupa tupu.

Ikiwa umeshalipa euro 90 za viza ya Schengen, hesabu pia Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Feri ni saa mbili, Estonia iko ndani ya viza hiyohiyo, na chakula cha huko kwa kawaida ni nafuu kuliko Helsinki. Nauli za katikati ya wiki huwa chini kuliko za Jumamosi. Kata tiketi ya asubuhi ya kwenda na ya jioni ya kurudi, na uchukue pasipoti, si nakala.