Nani Alikataa Kwanza?

Tangu enzi za Waingereza, watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wamebandikwa sifa moja: hao ni watu wa vita. Jeshi la King's African Rifles liliandikisha vijana wengi wa Arua, Koboko na vijiji vya jirani, na Idi Amin, ambaye upande wa baba yake ni Wakakwa wa Koboko, aliingia humo mwaka 1946. Alipotwaa madaraka Januari 1971 na kulijaza jeshi kwa watu wa kwao, Wanubi na watu wa kusini mwa Sudan, wengi walisema damu imejidhihirisha. Maelezo hayo ni mepesi mno, na historia ya eneo lenyewe inayakanusha. Askari, kama mtu yeyote aliye kundini, hutenda huku akiwatazama wenzake. Kiongozi mkatili hulijua hilo vizuri, na ndiyo maana hushughulika kwanza na yule anayethubutu kukataa mbele ya watu.

Ushahidi mmoja unatoka mbali, Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwaita raia wa kawaida, nao wakaamriwa na msimamizi wampige mtu shoti ya umeme kila alipokosea jibu, wakipanda hatua kwa hatua hadi volti 450. Shoti haikuwapo, na aliyedhaniwa kuumia alikuwa anaigiza. Kati ya watu 40, 26 walifika mwisho kwa sababu tu msimamizi aliwaambia waendelee. Milgram alipobadilisha mpango akawaweka washiriki wawili bandia waliogoma katikati, ni wanne tu kati ya 40 waliofika mwisho. Wapo wanaosema baadhi ya washiriki walishtukia mchezo. Huenda, lakini hiyo haielezi kwa nini idadi iliporomoka hivyo. Amri ilikuwa ileile na msimamizi hakupungukiwa na cheo. Kilichoongezeka ni kuona kwamba kugoma kunawezekana.

Turudi Uganda. Machi 1974 Brigedia Charles Arube, Mkakwa kama rais wake, alijaribu kumpindua Amin akashindwa, naye akafa. Mwezi huohuo mwili wa Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa ameondolewa karibuni katika wadhifa wa waziri wa mambo ya nje, ulikutwa ndani ya Mto Nile. Kama kabila lingekuwa ndilo linaloamua, Arube asingeinua mkono dhidi ya mtu wa kwao. Kwa waliobaki kambini ujumbe ulieleweka bila tangazo. Kila mmoja angeweza kuchukizwa moyoni, hata wote kwa pamoja, bila yeyote kujua kwamba jirani yake amechukizwa vilevile. Kufuata mkumbo katika hali hiyo hakuhitaji imani wala chuki. Kunahitaji ukimya tu.

Amin alipoanguka Aprili 1979, kibao kiligeuka. Oktoba 1980 wanajeshi wake wa zamani walivuka mpaka kutoka Sudan na Zaire wakashambulia Koboko na Arua, na jeshi jipya la serikali, UNLA, likalipiza kwa raia. Juni 1981 askari wake waliwaua watu waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Sehemu kubwa ya wakazi ikakimbilia Sudan na Zaire. Wauaji hao walitoka sehemu nyingine za Uganda, wakiwa na hakika kwamba kila wanayemkuta huko ni mtu wa Amin. Mtu akitaka kuutafuta ukatili katika damu, sijui hapa ataanzia damu ya nani.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la tumbo: askari aliyepoteza mshahara na nyumba atakwenda msituni bila kusukumwa na kundi. Ni kweli, njaa ilikuwapo. Lakini waliopoteza kila kitu walikuwa maelfu kwa maelfu, na wengi wao walilima ukimbizini badala ya kushika bunduki. Tena tazama namna waasi walivyotoka. Wapiganaji wa kundi la UNRF la Moses Ali walipatana na serikali mpya ya mwaka 1986 wakimfuata kamanda wao. UNRF II ya Ali Bamuze, iliyoanza baadaye, ilitia saini mkataba na serikali tarehe 24 Desemba 2002 huko Yumbe, jirani na Koboko, baada ya wazee na viongozi wa dini kwenda na kurudi wakisuluhisha. Umaskini wa Yumbe haukuwa umekwisha siku hiyo. Kilichobadilika ni kwamba kamanda alikubali hadharani, na mpiganaji wa kawaida akajua kuwa akitoka hatatoka peke yake.

Basi mtu atauliza: kama kundi lina nguvu kiasi hicho, nani ahukumiwe kwa Ombaci, au kwa mauaji ya kambini wakati wa Amin? Kueleza si kusamehe. Wale wanne wa Milgram hawakuwa na kisingizio kwamba hakuna aliyegoma, na hata wale 26 walikuwa na wenzao 14 waliogoma bila kuonyeshwa njia na mtu. Sheria ya Msamaha ya Uganda ya mwaka 2000 nayo ilishika pande zote mbili kwa namna yake: ilifungua mlango kwa waasi wote, lakini ilimtaka kila mmoja aripoti kwa mamlaka, asalimishe silaha na aukane uasi yeye mwenyewe.