Jinsi chuma kisichoshika kutu kinavyochoka

WENGI wetu huamini kwamba chuma kisichoshika kutu, kile cha masinki na vijiko, hudumu milele. Hata hivyo, mnamo Mei 12, 1998, katika kituo cha nyuklia cha Civaux nchini Ufaransa, kiwiko cha bomba la chuma hicho kilipasuka na kuvujisha maji takriban mita 30 za ujazo kwa saa. Ufa ulikuwa wa sentimita 18. Kinu chenyewe kilikuwa kimeunganishwa na gridi ya umeme Desemba 1997, yaani hata nusu mwaka haikuwa imetimia.

Kutu haikuhusika. Chuma kilikuwa kimechoka.

Chukua waya uukunje na kuukunjua mara kadhaa. Hakuna mkunjo mmoja unaotosha kuukata, lakini hatimaye hukatika. Ndivyo chuma kinavyochoka hata kwa nguvu isiyoweza kukivunja kwa mkupuo mmoja: fuwele zake huteleza, ufa usioonekana kwa macho huanzia kwenye uso, kisha kila mzunguko huurefusha kidogo.

Kule Civaux hakuna aliyelikunja bomba. Maji ya moto na ya baridi yalichanganyikia hapo, ukuta wa ndani ukapigwa na joto na baridi kwa zamu. Uso ukipata joto hutaka kutanuka, lakini sehemu iliyo nyuma yake, ambayo bado ni baridi, huuzuia na kuubana. Baridi ikija, uso hutaka kunywea, nao huvutwa.

Chuma hiki, chenye kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8, huumia zaidi. Upau wa mita moja ukiongezwa joto nyuzi 100 hurefuka karibu milimita 1.7, ilhali ule wa chuma cha kawaida hurefuka 1.2. Aidha, hupitisha joto polepole, kwa thuluthi moja hivi ya kasi ya chuma hicho cha kawaida. Mpishi ambaye sufuria yake ya aina hii imewahi kuunguza chakula mahali pamoja tu anaijua tabia hiyo.

Isitoshe, majaribio ya maabara nchini Marekani na Japani yameonyesha kuwa chuma hiki huchoka mapema zaidi ndani ya maji ya moto ya kinu kuliko hewani.

Wahandisi husaka nyufa kwa mawimbi ya sauti, hulainisha sehemu zilizochomelewa na kupunguza saa za kuchanganya maji yenye tofauti kubwa ya joto. Vipimajoto vinavyofungwa nje ya bomba havitoshi, kwani mabadiliko ya haraka hufifia kabla ya kuvuka ukuta.