Kabla ya Kununua Rekoda ya Dishi Kitengela

Anayefanya kazi Nairobi na kulala Kitengela anajua kwamba foleni ya barabara ya Namanga haingoji taarifa ya habari ya saa moja wala mechi ya jioni. Kwa mtu kama huyo, dekoda inayorekodi ina faida kuliko televisheni kubwa. Ila herufi HD kwenye kasha zisikutoe pesa haraka.

Dukani, uliza kwanza ina tyuna ngapi. Tyuna ndiyo inayonasa chaneli kutoka kwenye dishi. Dekoda nyingi za bei nafuu zenye tundu la USB zina moja tu, kwa hiyo baba akirekodi mpira, watoto kwa kawaida hawawezi kutazama watakacho. Explora ya DStv, iliyozinduliwa mwaka 2013, hurekodi vipindi viwili huku nyumba ikitazama cha tatu. Lakini uliza pia ada ya kila mwezi ya kurekodi, inayolipwa kando ya kifurushi, na ujue kwamba ulichorekodi kinabaki ndani ya dekoda hiyo, huwezi kukihamishia kwenye kompyuta. Mtu anayeishi peke yake, kwa maoni yangu, hana haja ya gharama hiyo.

Kuhusu diski, piga hesabu. Picha ya HD inayokuja kwa megabiti 8 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 3.6 kwa saa. Flashi ya gigabaiti 32 hujaa kabla ya saa 9 kutimia. Diski ya terabaiti moja huchukua saa 270 hivi.

Kinachosahaulika zaidi ni dishi lenyewe. Setelaiti ya DStv ya eneo letu iko nyuzi 36 mashariki, na Kitengela iko karibu nyuzi 37, kusini kidogo tu mwa ikweta. Yaani setelaiti iko karibu utosini, na dishi hulala likitazama juu kama sinia. Mvua za masika zikija, maji hutuama humo. Kiangazi, vumbi la mbuga za Kaputiei hushika. Mawimbi yakikatika saa kumi jioni, utagundua usiku kwamba bao halimo kwenye rekodi. Mwambie fundi atoboe tundu dogo sehemu ya chini, afunge nguzo ukutani badala ya mabati yanayotikiswa na upepo, kisha akuonyeshe kipimo cha ubora wa mawimbi, si cha nguvu pekee. Dishi la Azam huelekea magharibi mwetu, kwenye setelaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo ukibadili kampuni ni lazima dishi lielekezwe upya. Explora nayo huenda ikahitaji LNB maalumu, yaani kile kichwa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi. Uliza bei ya hayo kabla ya kulipia dekoda.

Stima ikipotea katikati, rekodi hukatika na diski inaweza kuharibika. UPS ndogo inafaa sana. Bomani huko Kajiado, kwenye sola, tafuta dekoda inayotumia volti 12 moja kwa moja.

Ukinunua iliyotumika, iwashe mbele ya muuzaji, rekodi dakika chache, icheze, na usikilize kama diski inakwaruza. Usilipe kabla hajaiondoa kwenye jina lake.