Bando linaisha kabla ya somo? Kagua laptop ya mwanao

Iringa. Jirani yangu hapa Kihesa alinipigia simu: "Dada, njoo umwone mwanangu." Mtaani wakishajua unaandika habari za afya, wewe ndiye daktari. Binti yake wa kidato cha nne alikuwa anasinzia darasani na kila asubuhi kichwa kinamuuma. Mama alitaka nimwambie ampeleke kupima macho au malaria.

Nilimuuliza binti analala saa ngapi. Saa nane usiku, na saa kumi na moja na nusu anaamka kwenda shule. Kumbe husubiri bando la usiku la bei rahisi linaloanza saa sita, anajifunika blanketi kwa baridi hii, ndipo anaunganisha laptop na simu ya mama asome mitihani iliyopita. Jioni hawezi, kwa sababu GB moja ya mama inaisha ndani ya nusu saa, kisha anagombezwa kwamba anaangalia filamu.

Hakuwa anaangalia filamu. Laptop yake ni ya mtumba, ilikaa miezi bila intaneti. Ikiunganishwa na hotspoti ya simu, inadhani imepata waifai ya ofisini isiyo na kikomo, inaanza kuvuta masasisho ya Windows kimyakimya. Hayo peke yake yanaweza kumaliza bando lote.

Mzazi, fanya hivi. Washa hotspoti kwenye simu na uweke nenosiri, la sivyo wapangaji wenzako watakusaidia kulimaliza. Kwenye laptop, bofya alama ya mtandao chini kulia, chagua jina la simu yako, andika nenosiri. Jina lisipoonekana, rudi kwenye mipangilio ya hotspoti uchague 2.4 GHz, kwani laptop nyingi za zamani hazioni 5 GHz. Mara tu ikiunganishwa, fungua "Settings", kisha "Network & internet", ingia kwenye mtandao huo na uwashe palipoandikwa "Metered connection". Hapo Windows inajua bando ni la kupima, na masasisho mengi yanasubiri. Yasisubiri milele, maana ndiyo yanayoziba mianya ya wezi wa mtandaoni. Siku ukipata waifai ya bure, yaache yashuke.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Binti huyu alikuwa anapata tatu na nusu, kwa hiyo kichwa kumuuma si ajabu. Nilimwambia mama ampe wiki mbili za kulala mapema. Maumivu yakiendelea, au yakizidi kabla ya hapo, waende kituo cha afya.

Jioni hiyo binti alisoma kuanzia saa moja hadi saa tatu. Mama alipoangalia salio akakuta zaidi ya nusu ya bando imebaki. Akamgeukia binti yake akamwambia kumbe alikuwa anasema kweli.