Kabla ya Kung'oa Dirisha la Mbao

Nyumba za zamani za Pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Upanga na Oysterbay jijini Dar es Salaam, zinapofanyiwa ukarabati, madirisha huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kung'olewa. Mbao zilizopauka na luva zilizolegea hutupwa nje, na mahali pake huwekwa fremu za aluminiamu zenye vioo viwili vinavyopishana kwenye reli, yale madirisha ambayo mafundi huyaita ya kuslaidi. Sababu za mwenye nyumba zinaeleweka: mchwa wameshakula mbao, kioo husafishika kwa urahisi, na nyumba inapata sura mpya. Lakini kuna swali ambalo aghalabu haliulizwi: dirisha jipya likifunguliwa mpaka mwisho, litaacha uwazi kiasi gani? Katika mji wenye joto na unyevu, naamini hilo ndilo linalopaswa kutangulia, na rangi, mng'ao na unene wa kioo vifuate baadaye.

Hesabu yake ni nyepesi. Dirisha lenye upana wa sentimita 150 na kimo cha sentimita 120 lina eneo la mita za mraba 1.8. Likiwa na mabawa mawili yanayofungukia nje, karibu eneo lote linapitisha hewa. Likiwa la kuslaidi, kioo kimoja lazima kisimame nyuma ya kingine, kwa hiyo unabaki na mita za mraba 0.9, na fremu inapunguza tena. Mwenye nyumba amelipa ili apoteze nusu ya dirisha lake. Hasara hiyo isingeuma sana Njombe au Nairobi, ambako usiku watu hujifungia baridi. Dar es Salaam mwezi Februari, joto la mchana hufika nyuzi 32 au zaidi, na hewa huwa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki upesi. Mwili hupoa pale jasho linapokauka, na kinacholikausha ni hewa inayotembea. Ndiyo maana aliyekaa barazani penye upepo hupata nafuu ingawa kipimajoto kinasoma nyuzi zilezile. Upepo wenyewe tunao, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi katikati ya mwaka. Kazi ya dirisha ni kuupokea upande mmoja wa nyumba na kuutoa upande wa pili.

Luva za mbao zinazodharauliwa leo zilikuwa zikifanya kazi nyingine kubwa. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya robo tatu ya joto la jua linalokipiga, na joto hilo likishaingia huishia kwenye sakafu, kuta na godoro. Shata yenye luva hulizuia jua likiwa bado nje, huku ikiruhusu upepo kupita na kuwaficha waliomo ndani. Kioo cha giza husaidia kidogo tu, kwa sababu hulinyonya joto na kulirudisha sehemu yake chumbani. Vioo vya tabaka mbili, ambavyo wauzaji wengine huvisifu, vina maana kubwa katika nchi ambako ndani ni nyuzi 20 na nje ni chini ya sifuri. Katika nyumba ya Pwani isiyo na kiyoyozi, ndani na nje hupishana nyuzi chache, kwa hiyo fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye kivuli cha ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri.

Wapo watakaosema hayo yote yamepitwa na wakati kwa kuwa sasa kuna kiyoyozi. Nakubali kwamba chumba chenye kiyoyozi hakifai luva zinazovuja hewa muda wote. Hata hivyo, dirisha la kuslaidi si chaguo bora hata hapo, maana vioo vyake huteleza juu ya brashi nyembamba zinazoacha upenyo, ilhali bawa lenye bawaba hubanwa na komeo dhidi ya mpira na kuziba vizuri zaidi. Bawa hilo linaweza kabisa kuwa la aluminiamu; ubishi wangu hauko kwenye madini. Na umeme ukikatika usiku wa joto, bawa linafunguka lote.

Hoja ya mbu ni nzito zaidi. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba kuweka nyavu kwenye milango na madirisha na kuziba nafasi chini ya paa kulipunguza mbu ndani ya nyumba kwa zaidi ya nusu, na watoto wenye upungufu wa damu wakawa wachache. Wavu, basi, ni wa lazima. Lakini wavu wenyewe hupunguza kasi ya upepo, jambo linalodai uwazi mkubwa, si mdogo. Kwa wezi, grili itawekwa kwa dirisha la aina yoyote; angalau moja katika kila chumba cha kulala ifunguke kwa ndani, ili moto ukitokea watu wapate pa kutokea.

Inabaki hoja ya mbao zilizooza, na hapa uchunguzi wa dakika chache huokoa fedha nyingi. Chukua bisibisi, ubonyeze fremu kuanzia juu kushuka chini. Mara nyingi itazama kwenye kizingiti cha chini tu, maji ya mvua yanapotuama, huku nguzo za mninga au mvule zikiwa imara kama zilivyowekwa. Seremala mzuri hukata kipande kilichooza na kuunga kipya. Katika kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, kuacha fremu ya zamani mahali pake kuna faida ya ziada: ukuta haubomolewi ili uchukue kipimo kipya na kuzibwa kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko chokaa na hufungia unyevu ndani ya ukuta.

Mchwa wakiwa wamemaliza kila kitu, agiza mabawa yanayofunguka yote, skrubu zisizoshika kutu kwa ajili ya chumvi ya bahari, na kivuli juu ya dirisha. Na kama bajeti itakulazimisha kuchukua la kuslaidi, kagua reli ya chini kabla ya kumlipa fundi. Inatakiwa kuwa na vitobo vidogo vya kutolea maji upande wa nje. Vikisahaulika, au vikizibwa kwa silikoni na saruji ya kumalizia, maji ya masika hujaa kwenye reli na kumwagikia ndani, na plasta iliyo chini ya dirisha huanza kuvimba.